Nani ameshika maikrofoni? Uzi kuhusu habari, pesa na kura hapa Kenya

Wasee, uzi wa leo ni mrefu. Kama uko kwa matatu na bando inaelekea kuisha, uhifadhi usome jioni.

Kila wiki humu ndani kuna sentensi mbili zinazogongana. Ya kwanza: "vyombo vya habari vimenunuliwa." Ya pili: "Kenya tuna vyombo huru kuliko majirani." Anayesema ya kwanza anaambiwa ana uchungu, anayesema ya pili anaitwa kibaraka, na kufikia saa nne usiku watu wanatukaniana wazazi. Zote mbili zina ukweli ndani yake. Shida ni kwamba tunabishana kana kwamba mambo haya yalianza uchaguzi uliopita, na yana zaidi ya miaka 120.

Kanuni ya uzi ni ile ya siku zote: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukitaja kwenye majibu nitakupita tu.

Tuanzie Mombasa, 1902. Mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi, aliyetajirika kwa kandarasi za reli ya Uganda, anaanzisha gazeti la kila wiki liitwalo African Standard. Ukikatiza Bustani za Jeevanjee katikati ya Nairobi, pale wabishi wa siasa hukusanyika mchana, jina hilo ni lake. (Najua, baadaye aliketi kwenye baraza la kutunga sheria, kwa hivyo ni mwanasiasa. Lakini bustani imeshamtaja kabla yangu.) Mwaka 1905 aliwauzia gazeti Waingereza, likaitwa East African Standard, na mwaka 1910 likahamia Nairobi, kwa sababu serikali na pesa zilikuwa zimehamia huko. Likawa sauti ya walowezi kwa miongo.

Angalia mpangilio huo kabla hatujaendelea. Pesa za reli zilizaa gazeti, pesa nyingine zikalinunua, kisha gazeti likawasemea wenye mashamba. Wakati huohuo sheria za ardhi, kodi ya nyumba na kipande zilikuwa zikijadiliwa na kupitishwa kwa lugha ambayo walioumizwa nazo wengi hawakuisoma. Mtu alijua sheria mpya imepita siku chifu alipofika kudai kodi. Hiyo ndiyo maana ya maarifa kuwa mamlaka: mwingine anajua leo kitu ambacho wewe utakijua kikishakufikia mlangoni.

Mwaka 1928 mambo mawili yalitokea hapa, na huwa nayaweka pamoja ingawa vitabu huyatenga. Redio ilianza kutangaza Nairobi, kwa Kiingereza, kwa ajili ya walowezi waliotaka habari za kwao. Na mwaka huohuo kukatoka Muigwithania, gazeti la Kikuyu lililoanzishwa na jumuiya ya kisiasa ya Wakikuyu, ambalo mhariri wake alikuja kuwa rais wa kwanza wa nchi hii. Moja ilikuwa na mitambo na kampuni. Lingine lilikuwa na karatasi, wasomaji wachache, na kijana aliyejua kusoma akiwasomea wengine kwa sauti. Lilipigwa marufuku mwaka 1940, vita vikiwa vimeanza.

Vita hivyohivyo ndivyo vilivyoifungulia redio lugha za Kiafrika. Vijana wa hapa walikuwa wamepelekwa vitani, na familia zilitaka kujua wako wapi, kwa hivyo serikali ikaanza kutangaza kwa lugha zetu. Serikali ilikuhitaji, ndipo ikakusemesha.

Kuna mtu ambaye hatajwi vya kutosha katika stori hii: Girdhari Lal Vidyarthi, mchapishaji wa Nairobi aliyeanzisha gazeti la Colonial Times mwaka 1933. Alifungwa kwa kosa la uchochezi kwa yale aliyochapisha. Kwa nini ni muhimu? Kwa sababu Mwafrika mwenye maneno ya kusema alihitaji mashine ya kuyachapisha, na mashine nyingi zilikuwa za Wahindi. Serikali ililijua hilo vizuri. Huhitaji kumkamata kila mwandishi ukiweza kumtisha mwenye mashine. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, magazeti ya lugha za Kiafrika yalifungwa kwa mkupuo, na sauti iliyobaki ikawa ya serikali na ya walowezi.

Uhuru ukaja na wamiliki wapya. Aga Khan alinunua gazeti dogo la Kiswahili la Taifa mwaka 1959, na mwaka uliofuata tukapata Taifa Leo na Daily Nation. Standard ikaangukia mikononi mwa Lonrho, kampuni ya London iliyokuwa na migodi na mashamba kila pembe ya Afrika, miaka hiyohiyo ya 1960. Televisheni ilianza 1962. Mwaka 1964 serikali ikachukua redio na televisheni, zikawa Sauti ya Kenya, chini ya wizara.

Sitaki tuharakishe kuwahukumu kwa hilo. Nchi changa, magazeti yote makubwa yako kwa wageni, na redio ndiyo peke yake inayofika Mandera na Migori. Ungeiacha mikononi mwa nani? Hoja ilikuwa na uzito. Kosa, kwa maoni yangu, ni kwamba walirithi mfumo wa mkoloni bila kubadilisha hata bawaba. Redio iliyokuwa ya gavana ikawa ya waziri. Hakuna aliyeweka ukuta kati ya taifa na serikali iliyo madarakani.

Matokeo yake yalionekana asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982.

Wanajeshi wa Jeshi la Anga waliojaribu kupindua serikali hawakukimbilia Bunge. Walikimbilia kituo cha Sauti ya Kenya. Walimchukua mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, yule wa kipindi cha "Je, huu ni uungwana?", wakamlazimisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Walijua wananchi hawataiamini sauti ngeni, lakini ile wanayoisikia kila siku jikoni wataiamini. Kwa saa kadhaa, aliyeshika chumba kimoja cha kutangazia alikuwa ameishika nchi, angalau masikioni mwa watu. Na serikali ilipojikomboa, ilijitangaza imejikomboa kupitia redio hiyohiyo.

Nchi yenye kipaza sauti kimoja inatekwa kwa kukiteka kipaza sauti hicho. Unatarajia wakubwa walioponea siku hiyo wangesema tuongeze vituo, ili hata kimoja kikitekwa vingine vipo. Walifanya kinyume. Waliobaki wazazi wetu wanakumbuka taarifa ya habari ya miaka ile: kwanza rais leo amefanya nini, halafu mambo mengine, mvua ikiwemo. Katiba ilikuwa imebadilishwa Juni mwaka huohuo kuwa ya chama kimoja kisheria, na mwaka 1983 chama tawala kikanunua gazeti lake kutoka kwa Hilary Ng'weno, Nairobi Times, likageuzwa kuwa Kenya Times.

Sasa hapa ndipo napenda kuwauliza wale wa "zamani watu hawakujua kitu." Walijua. Walijua kupitia Idhaa ya Kiswahili ya BBC, inayotangaza tangu 1957, na Deutsche Welle. Habari za Kamukunji zilikwenda London na Cologne kwanza, ndipo zikarudi Kakamega kwa mawimbi mafupi, redio imewekwa sauti ya chini. Muulize babu yako saa za matangazo. Wengi bado wanazikumbuka.

Magazeti na majarida yaliyothubutu yalilipa. Jarida la Beyond, la makanisa, liliandika kuhusu wizi wa kura katika uchaguzi wa mlolongo wa 1988. Likapigwa marufuku na mhariri wake Bedan Mbugua akafungwa. Mwaka 1989 Bunge liliizuia Nation kuripoti vikao vyake kwa miezi kadhaa. Watu walifungwa kwa kukutwa na kikaratasi cha siri mfukoni. Kosa la uchochezi, lilelile la mkoloni lililomfunga Vidyarthi, lilifutwa kwenye sheria zetu mwaka 1997. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi baada ya uhuru.

Halafu mambo yakafunguka. KTN ilianza 1990, televisheni ya kwanza ya binafsi. Capital FM ikaja 1996. Kameme ikaanza 2000, na baada yake redio za lugha za mama zikajaa masafa yote. Ukisikiliza mjadala wa kawaida wa kisiasa, hadithi inaishia hapa: giza, kisha nuru. Mimi naona hapa ndipo inapoanza kuwa ngumu, kwa sababu kufuli lilihama kutoka gerezani likaenda mfukoni.

Chukua sheria moja ya mwaka 2002. Ilipandisha dhamana ambayo mchapishaji wa gazeti alitakiwa kuweka, kutoka shilingi 10,000 hadi shilingi 1,000,000. Sababu iliyotolewa ilikuwa kudhibiti magazeti ya uzushi yaliyouzwa barabarani, na kusema kweli mengine yalikuwa ya uzushi kabisa. Lakini fikiria hesabu yenyewe. Kwa kampuni kubwa, milioni moja ni gharama ya kawaida. Kwa vijana watatu wenye kompyuta moja River Road, ni mwisho wa ndoto. Hakuna aliyekamatwa, hakuna kitabu kilichochomwa, na hakuna wa kumwita shujaa, lakini sauti zilipungua.

Na wanunuzi? Lonrho iliiuza Standard mwaka 1995 kwa wawekezaji wa hapa nyumbani waliokuwa karibu na utawala wa wakati huo. Watu huchukulia umiliki kama siri kubwa inayofichuliwa, na mara nyingi iko wazi tu. Familia za kisiasa kumiliki hisa za vituo, wafanyabiashara wenye vituo kuwa na mrengo wanaouunga mkono, hayo si uvumi wa mtaani. Darasani tulisomeshwa Herman na Chomsky, kitabu chao cha 1988 kuhusu jinsi habari Marekani zinavyochujwa: mmiliki ni chujio, mtangazaji wa biashara ni chujio, na kadhalika. Ni kitabu cha Marekani na si kila kitu kinatutosha. Lakini chujio la matangazo, jamani, ni kama kiliandikiwa Nairobi.

Hebu tukae hapo kidogo, kwa sababu huwa tunapapita.

Gazeti unalolinunua halijilipi kwa bei unayotoa. Linalipwa na matangazo: benki, kampuni za simu, kampuni za kamari, na mtangazaji mkubwa kuliko wengine, serikali. Zabuni zote zile, nafasi za kazi, notisi za ardhi, hotuba za sikukuu zenye picha. Tangu 2015 serikali ilianza kupitishia matangazo yake ofisi moja badala ya kila wizara kuamua yenyewe. Ikasemwa ni kubana matumizi, na pesa huenda ziliokolewa. Pia iliwezekana sasa mtu mmoja kufunga bomba lote. Mwaka 2017 taasisi za serikali zikaagizwa ziache kutangaza kwenye vyombo vya binafsi. Machi 2024 ukaja waraka mwingine: matangazo ya serikali ya redio na televisheni yaende KBC. Ongeza na madeni. Wenye vyombo wamelalamika hadharani kwa miaka kwamba serikali na mashirika yake haziwalipi matangazo yaliyokwisha kuchapishwa.

Sasa jiweke kwenye kiti cha mhariri. Mwandishi wako amekuletea habari kuhusu wizara fulani, na ni safi, ina nyaraka. Wizara hiyo inakudai? Hapana, wewe ndiye unaidai. Ukiichapisha, deni lako litalipwa lini? Na mwezi huu mishahara imechelewa. Hakuna simu iliyopigwa kutoka ofisi ya juu, hakuna askari. Habari inasogezwa ukurasa wa 14, au inaambiwa "isubiri kidogo." Nikiambiwa vyombo vimenunuliwa, hii ndiyo picha ninayoiona, na inanitisha kuliko bahasha.

Kamari ni mfano mwingine. Aprili 2025 bodi ya kudhibiti kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na ikajulikana wazi ni vipindi vingapi vilikuwa vimeegemea pesa hizo. Kituo kinachokuambia asubuhi vijana wanajiua kwa madeni ya kamari ndicho kinachokupa mchana namba ya kuwekea dau.

Redio za lugha za mama nazo tuziguse, ingawa kwa haraka kwa sababu kila mtu ana maoni yake tayari. Zilimpa bibi wa kijijini haki ya kupiga simu studio na kumkemea mbunge wake, jambo ambalo Sauti ya Kenya haikumpa kamwe. Baada ya uchaguzi wa 2007 zililaumiwa kwa uchochezi, na mtangazaji mmoja akafikishwa Hague; kesi ilisitishwa Aprili 2016. Tunachosahau ni kwamba tarehe 30 Desemba 2007 serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Nchi inawaka, na chombo cha kukuambia barabara ipi ni salama kimezibwa. Uvumi ulijaza nafasi hiyo kwa SMS.

Kuzima mitambo kumekuwa mazoea. Machi 2006 watu waliojifunika nyuso walivamia Standard, wakachoma magazeti na kuzima KTN. Mwaka 2015, tulipohamia dijitali, ugomvi ulikuwa wa nani atasafirisha mawimbi. Leseni zilikuwa kwa kampuni tanzu ya KBC na kampuni ya Kichina, na vituo vikubwa vikakaa karibu wiki tatu bila kuonekana kwa sababu havikutaka kusafirishwa na wengine. Wengi waliona ni mambo ya ving'amuzi. Lakini mwenye barabara ndiye anayejua gari gani lipite. Januari 2018 vituo vinne vilizimwa kwa kuonyesha hafla moja ya kisiasa Nairobi. Mahakama ikaamuru virudishwe, na vikaendelea kukaa kizani siku kadhaa baada ya amri.

Watu wa rika langu husema basi, tuko na intaneti, hayo ya milingoti yamepitwa. Nusu ya kweli. Machi 2018 Channel 4 ya Uingereza ilirekodi kwa siri wakubwa wa Cambridge Analytica wakijisifu jinsi walivyoendesha kampeni hapa kwetu 2013 na 2017. Mwaka 2021 Mozilla ikatoa ripoti kuhusu vijana wa hapa wanaolipwa dola 10 hadi 15 kusukuma alama ya reli dhidi ya majaji na wanaharakati. Dola 10! Mkoloni alihitaji kununua mashine ya uchapishaji. Siku hizi unanunua kijana aliyemaliza chuo bila kazi, na unapata chenji. Na hapa siwacheki. Nina marafiki waliosoma vizuri kuliko mimi ambao kodi ya nyumba yao imelipwa hivyo, na ndiyo maana nasema uchumi uko ndani ya hoja hii kabla hata hatujafika kwa mmiliki wa kituo.

Nusu ya pili ni Juni 2024. Mswada wa Fedha ulikuwa kama miswada yote: kurasa nyingi, Kiingereza cha mawakili, "futa kifungu hiki weka kile" bila kukuonyesha kifungu chenyewe kinasema nini. Katiba ya 2010 inakupa haki ya habari katika kifungu cha 35, na kifungu cha 7 kinafanya Kiswahili lugha rasmi sawa na Kiingereza, lakini nenda utafute mswada uliochapishwa kwa Kiswahili. Safari hii watu waliufasiri wenyewe. Kwa Kiswahili, kwa lugha za mama, kwa Sheng, kwa video za dakika moja, kwa programu za akili mnemba unazouliza "mkate utapanda?" zikakujibu. Mama mboga alijua kodi ya mafuta ya kupikia kabla mbunge wake hajaamua atapiga kura vipi. Tarehe 26 Juni ikatangazwa mswada hautatiwa sahihi, lakini watu walikuwa wameshakufa.

Nauweka mwaka huo kando ya ule wa chifu kufika mlangoni kudai kodi. Kwa mara ya kwanza kwa ukubwa ule, waliotozwa walisoma kabla. Hawakuwa na kituo, hawakuwa na leseni ya masafa, na matangazo ya serikali hayakuwahusu. Na bado walisoma kwenye mitandao ambayo wenyewe wako California na Uchina, na siku ya tarehe 25 Juni intaneti ilisumbua nchi nzima.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 25 Juni 2025, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza vituo viache kuonyesha maandamano moja kwa moja, na mawimbi ya NTV, KTN na K24 yakakatwa. Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo siku hiyohiyo. Wakati mawimbi yanakatwa, vituo hivyo viliendelea kurusha kwenye YouTube, na waliokuwa mtaani wakaendelea kurusha kwa simu zao. Mtu wa Mandera asiye na bando alibaki na kilichokuwepo kwenye redio.